Mkeka Hutoka Usiku

Saa hiyo wengi mnaijua. Taarifa ya habari imekwisha, watoto wamelala, mtu yuko kitandani na simu anatafuta usingizi. Mara kundi la WhatsApp la ukoo, ambalo kutwa lilikuwa na picha za harusi na michango ya msiba, linachangamka: "Mkeka umetoka!" Inafuata karatasi yenye nembo ya Taifa na sahihi ya Mkurugenzi wa Mawasiliano ya Rais, majina yamepangwa kwa namba. Fulani ameteuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya. Fulani amehamishwa kutoka huku kwenda kule. Na chini kabisa sentensi fupi kuliko zote: uteuzi wa fulani umetenguliwa. Mwenye bahati huongezewa maneno matatu, "atapangiwa kazi nyingine".

Sababu mara nyingi haitajwi. Sisi wasomaji nasi hatuiulizi, tunabuni zetu. Huyu alimjibu vibaya Waziri kwenye ziara. Yule alichelewesha madarasa. Mwingine, wanasema, alipiga makofi kwa uvivu. Kufika asubuhi kila kijiwe kina sababu yake, na mhusika mwenyewe huenda naye habari kaipata kwenye simu, kama sisi.

Tukiulizwa Rais wa Tanzania ana nguvu gani, tunataja jeshi, msafara, mizinga 21. Ni vitu vinavyoonekana, ndiyo maana vinatajwa. Lakini nguvu inayoiendesha Serikali kila siku ya kazi, kuanzia Ikulu ya Chamwino hadi kwenye benchi la wanaosubiri nje ya ofisi ya halmashauri, imo katika ile sentensi ya chini ya mkeka. Juu ya kuteua tumebishana miaka na miaka: Rais anateua wengi mno, apunguziwe. Juu ya kutengua tumenyamaza. Mimi nadhani tumeshika mkia tukamwacha ng'ombe.

Tuanze na maandishi. Katiba ya 1977, Ibara ya 33, inamvisha Rais kofia tatu: Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Uingereza, tulikoazima mengi, kofia mbili za mwanzo ziko kwenye vichwa viwili tofauti. Ibara ya 35 inasema shughuli za Serikali hutekelezwa na watumishi wake kwa niaba ya Rais; yaani yule bwana wa dirishani anayekwambia urudi Jumatatu, kisheria mkono anaogongea muhuri ni wa Rais. Ibara ya 36 inampa Rais mamlaka ya kuanzisha nafasi za madaraka na kuzifuta, na kuteua wanaoweka sera na wanaoziongoza idara na taasisi. Halafu inakuja Ibara ya 37, ambayo ningependa kila mwanafunzi wa sekondari aisome kwa sauti: Rais yuko huru, na halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka aufuate.

Hiyo ya mwisho ina uzito kuliko inavyosikika. Baraza la Mawaziri, kwa Ibara ya 54, ni chombo kikuu cha kumshauri Rais katika mambo ya Serikali ya Muungano. Kushauri tu. Waziri anaweza kushinda hoja mezani, wenzake wote wakamuunga mkono, Rais akaamua vingine, na hakuna sheria iliyovunjwa. Wala huwezi kwenda mahakamani kuuliza kama ushauri ulitolewa na ulisemaje. Ibara hiyohiyo imefunga mlango.

Nchi haikuanza hivi. Tanganyika ya tarehe 9 Desemba 1961 ilikuwa na Waziri Mkuu anayetokana na Bunge, na juu yake Gavana Mkuu akimwakilisha Malkia. Mwalimu Nyerere alikaa kwenye uwaziri mkuu wiki chache tu, Januari 1962 akajiuzulu ili akijenge chama, Rashidi Kawawa akashika. Tarehe 9 Desemba 1962 tukawa jamhuri. Kiti cha Malkia na kiti cha Waziri Mkuu vikaunganishwa kuwa kimoja, na mengi aliyokuwa akiyafanya Gavana wa kikoloni yakaenda huko. Mwaka huohuo mabwana wa kikoloni waliosimamia majimbo na wilaya walipokewa na wakuu wa kisiasa, ambao papo hapo walikuwa makatibu wa TANU katika maeneo yao. Ukimwona leo Mkuu wa Wilaya amesimama na kofia yake kwenye gwaride la Mwenge, unamwona mjukuu wa ofisi ile ya Mwingereza.

Sipendi kuwacheka wazee kwa hili. Nchi ilikuwa na wasomi wa kuhesabu kwa vidole, na Januari 1964 jeshi lenyewe liliasi. Kuweka kamba zote katika mkono mmoja kulikuwa na mantiki yake. Baadaye kamba zilipunguzwa kidogo kidogo: mwaka 1984 ukaja ukomo wa vipindi viwili, 1992 vyama vingi na utaratibu wa Bunge kumwondoa Rais. Halafu mwaka 2000 tukarudi nyuma: mgombea urais akaruhusiwa kushinda hata bila kufikisha nusu ya kura, na Rais akapewa nafasi ya kuteua wabunge wasiozidi 10. Ibara ya 41(7), inayozuia mahakama yoyote kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa, imebaki vilevile, ingawa Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni hapahapa Arusha, ilisema inakiuka haki.

Lakini ibara hazifanyi kazi zenyewe. Zinafanyiwa kazi na watu wenye ada za shule, mikopo ya benki na wazazi wagonjwa kijijini. Hapo ndipo utenguzi unapopata nguvu zake.

Chukua mikutano ya hadhara. Mwaka 2016 Rais Magufuli alisema siasa za majukwaani zisubiri uchaguzi wa 2020, na wabunge wafanye mikutano kwenye majimbo yao tu. Sheria ya Vyama vya Siasa, inayovipa vyama haki ya kukutana kwa kutoa taarifa polisi, haikufutwa. Ilibaki kwenye makabati ileile. Tarehe 3 Januari 2023 Rais Samia aliwaita viongozi wa vyama Ikulu, akawatangazia kwamba zuio limeondolewa. Nalo halikuondolewa kwa muswada wala kwa hukumu. Liliondoka kama lilivyokuja, kwa kinywa. Kwa zaidi ya miaka sita haki iliyoandikwa ilizimwa na tamko, kisha ikawashwa na tamko. Wasichana waliopata ujauzito wakiwa shuleni nao waliyaona hayo: mwaka 2017 walisikia kwenye hotuba kwamba hawatarudi darasani, Novemba 2021 wakasikia kwa Waziri wa Elimu kwamba wanaruhusiwa. Aliyekuwa kidato cha pili mwaka 2017 alikuwa ameshapitwa na shule.

Watu husema hiyo ni tabia ya mtu mmoja mkali, na mwingine mpole akija mambo yananyooka. Sikubali. Tamko la Rais halina miguu. Linatembezwa na IGP, yaani mkuu wa polisi wa nchi, kamanda wa mkoa, OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, na Mkuu wa Wilaya ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya. Kila mmoja katika mstari huo ana sheria mezani na simu mfukoni. Na kila mmoja anajiuliza swali ambalo hata mimi ningejiuliza: nikifuata sheria nikaliacha tamko, nani atanitetea mkeka ukitoka? Jibu ni hakuna. Hakuna baraza la kusikiliza rufaa yake, hakuna barua ya sababu ya kuijibu, hakuna muda wa mkataba wa kudai. Basi tamko linatembea. Linatembea hata kuliko alivyokusudia aliyelitoa, maana kila anayelipokea huongeza chumvi ya kwake ili asije akaonekana mlegevu.

Ndiyo maana ninasema ukali na upole wa Rais ni jambo la pili. Rais mpole asiyetaka kabisa kuogopwa ataogopwa vilevile, kwa sababu kinachoogopwa ni ile karatasi.

Ndani ya Serikali yenyewe kuna mtambo wa kupunguza maamuzi ya papo kwa papo, na si mtambo mbaya. Wizara ikiwa na jambo jipya, tuseme kuanzisha wakala au kubadili sera ya madini, huandika waraka wa Baraza la Mawaziri. Waraka hupita kwanza kwa makatibu wakuu wa wizara zote, na huko ndiko unakochanwachanwa: Hazina wanauliza hela itatoka wapi, Utumishi wanauliza ikama, Sheria wanauliza unagongana na nini. Ukitoka hai unaenda kwa Baraza. Anayeshika uzi wote huo ni Katibu Mkuu Kiongozi, ambaye papo hapo ni Katibu wa Baraza la Mawaziri na mkuu wa utumishi wa umma, mtu ambaye mtaani hata jina lake wengi hawalijui. Ofisi kama hiyo inahitaji mtu anayeweza kumwambia Rais, "Mheshimiwa, hili halijaiva."

Sasa tazama mwanzo wa mwaka 2021. Tarehe 17 Februari alifariki Balozi John Kijazi, aliyeishika kazi hiyo chini ya Rais Magufuli. Siku chache baadaye akateuliwa Dk. Bashiru Ally, akitokea moja kwa moja kwenye ukatibu mkuu wa CCM. Tarehe 17 Machi Rais Magufuli akafariki. Tarehe 19 Samia Suluhu Hassan akaapishwa, na hapo lazima tuisifu Katiba, maana nchi ilibadilisha Rais kwa siku mbili bila risasi wala mabishano. Mwisho wa mwezi uleule Dk. Bashiru akawa mbunge wa kuteuliwa na Balozi Hussein Kattanga akawa Katibu Mkuu Kiongozi. Wiki sita, watu watatu. Sisemi kwamba uamuzi wowote kati ya hiyo ulikuwa mbaya. Nasema mhudumu wa hoteli pale Kariakoo ana notisi ya kuachishwa kazi yenye maana zaidi kuliko mkuu wa utumishi wa umma wa nchi nzima.

Waziri Mkuu? Ibara ya 52 inampa usimamizi wa shughuli za Serikali za siku hadi siku, na Bunge huthibitisha uteuzi wake. Ila hata mipaka ya ofisi yake huchorwa na kalamu ya Rais. TAMISEMI, wizara ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, inayobeba shule za msingi, zahanati na halmashauri zote, ilikuwa chini ya Waziri Mkuu. Mwaka 2015 ikahamishiwa Ofisi ya Rais bila mwananchi yeyote kuulizwa kitu. Katika uzoefu wetu kazi kubwa ya Waziri Mkuu wakati wa dhoruba ni kulowana. Februari 2008 sakata la Richmond, la mkataba wa umeme wa dharura, lilipofika Bungeni, aliyeondoka ni Edward Lowassa, Baraza likavunjika naye, na Rais Kikwete akaunda jipya chini ya Mizengo Pinda. Miaka minne baadaye, ripoti ya 2012 ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ilipowachafua mawaziri kadhaa, wabunge hawakuwa na njia ya kumgusa waziri mmoja mmoja. Wakaanza kukusanya saini za kutokuwa na imani na Pinda, ambaye hata hakuwa mlengwa. Walikuwa wanapiga mlango ili mwenye nyumba aamke. Akaamka: mapema Mei mawaziri sita wakaachwa. Nilivutiwa sana na ujanja ule, na bado nadhani ni moja ya siku nzuri za Bunge letu, ila mwone ulivyo mzunguko: mhimili mzima wa dola unatafuta namna ya kumwomba Rais atumie kalamu yake.

Kwa nini Bunge lisisimame lenyewe? Mawaziri wote ni wabunge, na Rais mwenyewe, kwa Ibara ya 62, ni sehemu ya Bunge. Bunge likipitisha mara ya pili muswada alioukataa, hata kwa theluthi mbili, ana siku 21 za kuukubali, au alivunje Bunge. Mbunge gani anataka kurudi kwa wapiga kura kabla ya wakati, deni la kampeni halijalipwa? Juu ya hayo kuna kofia ya nne, isiyo kwenye Ibara ya 33: uenyekiti wa chama. Mbunge akipoteza uanachama anapoteza kiti. Mwenye kuongoza vikao vya juu vya chama ndiye mwenye kuongoza Serikali. Kofia hizi zilitengana mara chache tu na kwa muda mfupi, mrefu zaidi ukiwa 1985 hadi 1990, Mwinyi akiwa Rais na Mwalimu akiwa bado mwenyekiti.

Historia yenyewe inaonyesha wapi wakubwa hung'okea. Bunge halijawahi kumwondoa Rais kwa Ibara ya 46A. Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano, alianguka Januari 1984 kwenye kikao cha chama Dodoma, ingawa kwa mujibu wa karatasi si chama kilichompa urais ule. Januari 2022 marehemu Job Ndugai, akiwa Spika, alijiuzulu siku chache baada ya kauli yake kuhusu mikopo ya Serikali kujibiwa hadharani na Rais. Kwenye taarifa yake alisema barua ya kujiuzulu ameiwasilisha kwa Katibu Mkuu wa CCM. Mkuu wa mhimili wa kutunga sheria aliaga chamani. Wanasheria walibishana kuhusu anwani ya barua ile; kwangu mimi ilikuwa barua ya kweli kuliko nyingi, maana ilipelekwa kwa wenye kiti.

Kinaya chake ni kwamba ni Spika huyohuyo aliyelifikisha Bunge, mwaka 2019, kwenye azimio la kutofanya kazi na CAG, Profesa Mussa Assad, kwa kauli yake kuhusu udhaifu wa Bunge. Na kisa cha Assad ndicho kinachonifundisha zaidi kuliko vyote, kwa sababu CAG ni miongoni mwa wachache ambao Katiba imewakinga. Jaji hatolewi kwa mkeka. Ibara ya 110A inataka tume imchunguze kwanza. CAG vilevile, Ibara ya 144. Rais anamteua, lakini akishamteua kalamu inaishiwa wino. Novemba 2019 Ikulu haikusema imemtengua. Ilisema kipindi chake cha miaka mitano kimekwisha, ikamteua Charles Kichere. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ilisema kumwondoa kwa njia ile kulikwenda kinyume na Katiba. Aliyemrithi akaendelea na kazi.

Unaweza kuisoma hadithi hiyo kama ushahidi kwamba kinga za kwenye karatasi hazisaidii. Mimi naisoma tofauti. Kwa sababu kinga ilikuwepo, palikuwa na kesi. Palikuwa na maswali ya kumuuliza Wakili wa Serikali, na hukumu iliyoandikwa, ambayo CAG wa kesho anaweza kuiweka mezani. Mkurugenzi wa halmashauri aliyetenguliwa kwa kukataa kusaini malipo yenye shaka hana hata ukurasa mmoja wa aina hiyo.

Na wakurugenzi ndio ningewataka tuwatazame, kuliko mawaziri. Waziri ni mwanasiasa, aende na upepo wa siasa. Kenya walijaribu kuweka vichujio vingi upande wa kuingia: kwa Katiba yao ya 2010 mawaziri si wabunge, hawazidi 22, na Bunge huwahoji kabla ya kuwapitisha. Julai 2024, maandamano yalipopamba moto, Rais Ruto aliwaondoa karibu wote kwa tamko la siku moja. Mlango wa kuingilia una walinzi, wa kutokea uko wazi. Kwa mawaziri sioni ubaya mkubwa hapo.

Lakini halmashauri 184 za Tanzania Bara kila moja ina mkurugenzi, naye ndiye afisa masuuli: saini yake ndiyo inayotoa hela ya dawa, ya madawati, ya barabara ya vumbi. Anateuliwa na Rais na kutenguliwa na Rais. Pembeni yake yuko Mkuu wa Wilaya mwenye uwezo wa kuagiza mtu awekwe ndani hadi saa 48, mamlaka yaliyokusudiwa kulinda amani, ambayo tumeona yakitumika kwa daktari aliyechelewa na mwenyekiti wa kijiji aliyebisha. Mwezi Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema wakurugenzi hawa wasisimamie uchaguzi, kwa kuwa ni wateule wa Rais ambaye naye anaweza kuwa mgombea. Oktoba mwaka uleule Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Hata hukumu zinatenguliwa, ila angalau zile hutolewa na sababu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafuatilia boma la zahanati katika wilaya ambayo sitaitaja. Wanakijiji walichanga, wakafyatua tofali, wakapandisha kuta hadi kwenye lenta, wakaiachia Serikali kupaua kama ilivyo desturi. Faili lilikuwa kamili mezani kwa mkurugenzi. Hela ilikuwepo kwenye kifungu. Alilipekua, akalifunga, akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayezungumzia ugonjwa, "Ndugu mwandishi, acha kwanza nisome upepo." Mkuu wa Mkoa mpya alikuwa amesema kwenye ziara kwamba kipaumbele ni madarasa. Hakuna aliyemzuia kupaua zahanati. Ila madarasa yasipokamilika jina lake litasomwa, na zahanati isipokamilika hakuna atakayejua. Alisoma upepo miezi minne. Kisha mkeka ukatoka, naye akawamo, upande wa chini. Aliyekuja baada yake alitaka faili lianze upya, na siwezi kumlaumu. Angesainije karatasi za mtu aliyeondolewa bila kuambiwa aliondolewa kwa lipi? Pengine ni kwa faili hilohilo.

Najua kitakachosemwa. Rais ndiye aliyeomba kura, akizuiwa kuwaondoa wazembe atawajibikaje kwa wapiga kura? Ni hoja nzito, na nina deni nayo. Novemba 2015, Rais Magufuli alipoingia Muhimbili ghafla na kuivunja bodi, nilishangilia na wenzangu barazani. Tulikuwa tumechoka. Utumbuaji wa majipu ulitupa raha ya kuona mkubwa akiogopa. Kilichonichukua muda kuelewa ni kwamba mkubwa anayeogopa juu hana nafasi ya kukuogopa wewe wa chini.

Simtaki Rais aliyefungwa mikono. Atengue. Ninachotaka ni sentensi ya pili chini ya ile ya kwanza: ametenguliwa kwa sababu hii, na ana siku kadhaa za kujibu. Wakurugenzi wapewe muda wa mkataba unaojulikana, washindanie nafasi kama wahasibu wanavyoshindania, na saa 48 za Mkuu wa Wilaya ziende kwa hakimu. Watu wananiambia tusubiri Katiba Mpya. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba ilikuwa na mengi mazuri, ikiwemo mawaziri wasiwe wabunge, na tangu kura ya maoni ya Aprili 2015 iahirishwe tumeisubiri hadi wengine wamezeeka. Lakini saa 48 za Mkuu wa Wilaya zimo kwenye Sheria ya Tawala za Mikoa, na masharti ya kazi ya mkurugenzi yamo kwenye sheria za kawaida, zile ambazo Bunge hubadilisha kwa fungu zima siku moja mwezi Juni na kwenda kula chakula cha mchana.

Mwaka jana nilipita tena kule kijijini. Mwenyekiti alinipeleka kwenye boma. Miti imeota ndani, mmoja umeshapita usawa wa lenta, na mbuzi wamepata kivuli. Akaniuliza kama namfahamu mkurugenzi wa sasa, labda nimpigie. Nikamtajia jina. Akacheka, akasema mjini hamna habari siku hizi, huyo mkeka ulimpitia Jumamosi.